Minani Asiye na Ndugu Saba

Kwa Kirundi, mtoto wa saba huweza kuitwa Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda, wa kumi Bucumi. Pacha anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na atakayezaliwa baada yao ni Ciza. Msomaji wa Tabora au Shinyanga atawakumbuka Kulwa na Doto papo hapo. Majina haya yanabeba ukweli. Ukiambiwa kwamba fulani ni Minani, umeshaambiwa kuwa wapo saba waliomtangulia kwenye ziwa la mama yake, wawe hai au wamezikwa. Lakini Bujumbura ya leo ina wazazi, hasa waliosoma na wanaosafiri, wanaompa mtoto jina la baba ili nyumba nzima iitwe kwa jina moja. Baba akiwa Minani, kifungua mimba wake naye anaandikwa Minani: wa nane ambaye hana hata ndugu mmoja. Hapo ndipo mjadala huu unapoanzia. Je, Warundi wachukue majina ya ukoo? Mimi nasema hapana. Ila wanaosema ndiyo si watu wa kubezwa. Wana hoja nzito, na baadhi yake zinauma. Nitawapa nafasi waseme, kila mmoja kwa sauti ya mahali alipo, kisha nitajibu.

Karani wa komine ndiye wa kwanza, kwa kuwa kalamu iko mkononi mwake. "Ndugu mwandishi, wewe unafikiria maana, mimi nafikiria rejista. Anakuja baba anaitwa Niyonzima, mama Nshimirimana, na watoto watatu: Irakoze, Ndikumana na Bigirimana. Watu watano, majina matano, na hakuna herufi moja inayonionyesha kwamba wanakula chungu kimoja. Nikifungua kitabu nakuta akina Niyonzima tele, wasiojuana hata kwa sura. Nchi haiwezi kuendeshwa hivi. Japani ililazimisha majina ya ukoo mwaka 1875, Siam mwaka 1913, Uturuki mwaka 1934. Hao wote walikosea?"

Hawakukosea kwa walichokuwa wanakitafuta, ndugu karani, lakini tazama walikuwa wanatafuta nini. Napoleon alipowashurutisha Waholanzi waandikishe majina ya ukoo mwaka 1811, haja yake ilikuwa askari na kodi. Gavana Narciso Clavería alipogawa majina kule Ufilipino mwaka 1849, alitumia orodha iliyopangwa kwa alfabeti, kurasa hizi kwa mji huu na kurasa zile kwa mji ule, hata ikatokea miji ambayo majina ya wakazi wake yalianza kwa herufi moja. Sikatai kwamba yapo majina ya ukoo yaliyoota yenyewe. Ya China yana zaidi ya miaka elfu mbili. Ninachosema ni kwamba pale serikali ilipoamuru, jina lilishonwa kwa kipimo cha daftari, na mtu akatakiwa kulivaa lilivyo.

Na hata kwa kipimo cha daftari, dawa hiyo haitibu ugonjwa unaoutaja. Unalalamika kwamba akina Niyonzima ni wengi. Tazama Korea Kusini, nchi ya majina ya ukoo kamili: Kim, Lee na Park peke yao ni karibu nusu ya wananchi wote. Sababu ni ya kihesabu, na Waingereza Francis Galton na Henry Watson walishaipigia hesabu mwaka 1874. Jina linalorithiwa kwa wana wa kiume tu hufa kila linapokosa mwana wa kiume, na kwa kuwa hakuna jipya linaloingia, kapu huzidi kupungua kizazi hadi kizazi. Kirundi kinakwenda kinyume chake, kwani kila uzazi ni nafasi ya jina ambalo halijawahi kutamkwa. Wazazi wakirudia Niyonzima wanarudia kwa hiari, na kesho wanaweza kuacha. Iceland nayo haikuchukua majina ya ukoo: mtu hubeba jina lake na la baba, au la mama, likiwa na kiambishi cha "mwana wa" ama "binti wa", na kitabu cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza. Hakuna awezaye kudai kwamba serikali ya huko haiwajui raia wake. Lakini kwa nini twende mbali? Itoe karangamuntu yako mfukoni. Ina mstari wa Izina, kisha Amatazirano, yaani majina ya ubatizo na mfano wake, kisha Se, ndiye baba, kisha Nyina, ndiye mama. Undugu unaoutafuta ndani ya jina umekwisha kuandikwa mistari miwili chini yake, tena kwa haki zaidi, maana mama naye yupo.

Mzee wa Buyenzi, mtaa wa hapa Bujumbura, anaingilia. "Mwanangu, mnavyobishana mtu angedhani hapa mjini hakuna waliokwisha kulimaliza jambo hili. Sisi Waislamu tunaitwa Juma Saidi, Mwajuma Hamisi, Zaituni Ramadhani. Ukilisikia jina, baba umemjua. Wengi wetu wazee wetu walitoka Ujiji na Manyema na majina ya namna hiyo, wakaishi nayo, wakazikwa nayo, na hakuna aliyepotea. Warundi wenzetu wafuate njia iliyokwisha kukanyagwa."

Mzee wangu, mfano wako ni mzuri, na mimi nauchukua uwe shahidi wangu. Huyo Saidi katika "Juma Saidi" hakuwa jina la ukoo hata siku moja. Ni mtu, baba mwenyewe. Juma akipata mwana atamwita Hamisi Juma, na Saidi atasogea nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka atoke kwenye fomu na kubaki katika kumbukumbu ya wajukuu. Hiyo ni ngazi. Jina la ukoo ni mhuri. Rumaliza, aliyetoka Ujiji akajaribu kuiingia Burundi ya mfalme Mwezi Gisabo, alikuwa Mohamed bin Khalfan al-Barwani: la kwanza lake, la pili la baba, la tatu la kabila, na Rumaliza ni lakabu. Kila jina lilijua kazi yake na hakuna lililopora kazi ya jingine. Kirundi nacho kina neno la kazi hiyo. Mtu ni mwene fulani, mtoto wa fulani, na ukitaka kujua ukoo wake unauliza umuryango wake, atakwambia ni Umuhanza au Umujiji. Nasaba ilikuwa na mahali pake pa kusemwa. Tena, mzee wangu, Kiswahili chako chenyewe kina majina yaliyo sentensi. Binti akiitwa Sikujua, aliyesema "sikujua" ni mzazi mmoja, siku moja. Utamwachiaje mjukuu kauli hiyo kana kwamba ni yake?

Kijana wa chuo kikuu hakubali, na yeye ndiye mwenye hoja ninayoiheshimu kuliko zote. "Unasifia sentensi kwa sababu umechagua tamu. Taja na chungu. Baranyanka maana yake ni 'wananichukia'. Mzazi amegombana na jirani kwa mpaka wa shamba, au anaogopa uchawi, basi anamchukua mtoto mchanga na kumfanya bango la ugomvi. Mtoto anakua, anaenda shule, anaoa, anakufa, na bado anatangaza chuki ya watu waliokufa kabla hajaota meno. Afadhali jina la ukoo lisilo na maana. Angalau halimchokozi mtu."

Hapa nakiri kwamba uchungu huo upo. Mtaalamu wa isimu Philippe Ntahombaye alilichunguza jambo hili kwa kina katika kitabu alichokichapisha Paris mwaka 1983 juu ya majina na watu nchini Burundi, na mtu akikisoma ataona kwamba jina la Kirundi ni mazungumzo. Lina msemaji, ambaye mara nyingi ni baba au babu. Lina msikilizaji, awe jirani, mke mwenza, kifo, au Imana, yaani Mungu. Lina tukio lililolizaa. Mtoto hubeba ujumbe, lakini si yeye anayesema wala si lazima awe yeye anayesemwa. Katika milima ambako nyumba zimetawanyika na jirani ni mtu wa kuonana naye kila siku mpaka kaburini, jina lilikuwa njia ya kusema lisilosemeka uso kwa uso bila kuokota rungu. Ukiita mwanao jioni arudi nyumbani, jirani amesikia. Ni ukali, naam, lakini ni ukali uliochagua maneno.

Sasa kijana, angalia jina la ukoo lingefanya nini na uchungu huo. Pierre Baranyanka alikuwa chifu mkubwa kaskazini wakati wa Wabelgiji, mtu wa ukoo wa Batare. Wanawe waliojulikana katika siasa za uhuru ni Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza. Baba na wana wawili, majina matatu ya Kirundi. Kauli ya "wananichukia", yoyote ile iliyokuwa sababu yake, iliishia kwa aliyepewa. Ingekuwa jina la ukoo, kila mjukuu na kilembwe angezaliwa akiwa na wanaomchukia, na angetakiwa kuwatafuta ni akina nani. Utaniambia kwamba jina likirithiwa maana yake hufifia, kama Mwingereza asivyosikia nyundo ya mhunzi katika Smith. Kwa Mwingereza ni kweli, na ilichukua karne nyingi. Kirundi bado ni lugha ya watu wote wa nchi hii, sokoni, kanisani, bungeni, na kila asikiaye Baranyanka anasikia kitenzi chake kizima. Huwezi kumwamuru mtu asielewe lugha ya mama yake. Sentensi ikifungwa katika ukoo haitakuwa bubu. Itaendelea kusema, ila aliyeisema hayupo tena na jambo lililomfanya aseme limesahaulika. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko jina chungu lenyewe. Jina chungu la mtu mmoja lina mwisho.

Na lugha hii imejirekebisha yenyewe bila amri. Ukitazama majina ya marais watatu wa mwisho, yote ni ya shukrani, tumaini na habari njema. Ndayizeye ni "ninaitumaini", Ndayishimiye ni "ninaishukuru", na Nkurunziza ni "habari njema". Katika hayo mawili ya mwanzo, Imana hatajwi. Amejificha katika kiungo kidogo cha "-yi-" katikati ya kitenzi, na kila Mrundi anamwona. Niyonzima ni "yeye ndiye aliye hai". Hakizimana, "Imana ndiye anayeponya". Watu husema ni wamisionari walioleta majina haya. Mapadri Weupe walifika Muyaga mwaka 1898, na bila shaka mahubiri yaliyaongeza, lakini Imana hakuja nao, wala sarufi hiyo hawakuileta. Waliikuta. Kilichobadilika ni msikilizaji: pale ambapo babu alimjibu jirani, mjukuu anazungumza na Mungu. Mabadiliko hayo yaliwezekana kwa sababu kila kizazi kilikuwa huru kusema neno lake. Kama majina yangegandishwa kwa sheria mwaka 1898, leo tungekuwa tunaitana kwa magomvi ya wakati wa Mwezi Gisabo.

"Unasema kila kizazi kiwe huru," anadakia mama mmoja, mfanyabiashara wa soko la Kamenge, "lakini umesema mwenyewe kwamba msemaji ni baba au babu. Mimi nimebeba mimba, nimejifungua, halafu sentensi ni ya mwanaume. Unatetea nini hasa, mwanangu?"

Mama, umenishika pabaya, na sitakimbia. Ni kweli mila ilimpa baba neno la kwanza. Lakini linganisha milango miwili. Katika mila ya Kirundi mke haachi jina lake anapoolewa. Anaingia kwa mumewe nalo na kufa nalo, na mtoto habebi la baba wala la mama. Majina mengi hayana hata jinsia: Ndayishimiye anaweza kuwa mvulana au msichana, kwa kuwa shukrani haina jinsia. Mlango wa mama kutoa sentensi yake haujafungwa na chochote isipokuwa desturi ya nyumbani, na desturi ya nyumbani mama wa leo anaibadilisha. Jina la ukoo lina mlango mwingine kabisa. Japani sheria ya ndoa inawataka wanandoa wawe na jina moja, lolote kati ya mawili, usawa mtupu kwenye karatasi. Kwa vitendo, katika ndoa zaidi ya tisa kwa kila kumi, mke ndiye anayeacha lake. Na hapa Burundi, ambako hakuna sheria ya mirathi na binti hunyimwa shamba la baba kwa hoja kwamba ataenda kwingine, jina linaloendelea kwa wana wa kiume pekee lingeipa hoja hiyo mhuri wa serikali. Binti angeonekana mgeni hata kwa jina.

Kuna jambo jingine ambalo karani hakulitaja, nami siwezi kuliruka, kwa sababu nchi hii imelilipia damu. Jina la Kirundi halisemi kama mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Majina ni ya wote. Hata watoto wa mfalme hawakuwa na jina la kuwaunganisha: Mwambutsa alikuwa Bangiricenge kabla ya kutawazwa, wanawe ni Rwagasore na Ndizeye, na hayo Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa yalikuwa majina ya kiti, yakizunguka zamu kwa zamu. Kenya, kinyume chake, jina la pili mara nyingi humtaja mtu kabila, na katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 watu walidaiwa vitambulisho kwenye vizuizi vya barabarani ili kabila lao lijulikane. Seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, tarehe 30 Aprili 1997, washambuliaji waliwaamuru wanafunzi wajitenge wenyewe, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa, na 40 wakauawa. Hapakuwa na orodha ya majina ambayo ingeweza kuifanya kazi hiyo badala yao. Sitadanganya kwamba jina lilimwokoa kila mtu. Katika mauaji ya mwaka 1972, waliouawa walijulikana kwa majirani, kwa walimu, kwa wenzao kazini. Lakini uficho huo mdogo ni mali. Majina ya ukoo yangefika kizazi cha pili tu na kila familia ingekuwa na alama inayosomeka kutoka mbali, pamoja na kumbukumbu ya nani alifanya nini mwaka gani. Mtoto wa muuaji na mtoto wa aliyeuawa wangeketi dawati moja wakijuana kwa jina kabla ya kujuana kwa sura.

Sauti ya mwisho inatoka mbali, ya mama aliyekimbia mwaka 1972, akakaa kambini Tanzania miaka na miaka, kisha akapelekwa Marekani. "Kaka, hayo yote naelewa. Lakini huku watoto wangu wanne wana majina manne, na mume wangu la tano, na mimi la sita. Shuleni wananiuliza kama kweli ni wangu. Uwanja wa ndege ofisa ananitazama, anatazama pasi ya mtoto, ananitazama tena. Wewe unatetea lugha, mimi nateteaje wanangu?"

Dada yangu, maumivu yako ni halisi, na sitakuambia uyavumilie kwa heshima ya sarufi. Ila kosa si la watoto wako wala la aliyewapa majina. Ni la fomu iliyodhani kwamba dunia nzima inaitwa kama kijiji kimoja cha Ulaya, na hata Ulaya yenyewe haiitwi hivyo. Hispania mke hubaki na majina yake, na mtoto huchukua moja la baba na moja la mama, basi katika nyumba moja hakuna aliye sawa kabisa na mzazi wake. Mtu wa Iceland akisafiri na binti yake, majina yao ya pili ni tofauti. Mhabeshi naye anabeba jina lake, la baba, na la babu. Wote hao wanavuka mipaka wakiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto mkononi, na cheti ndicho kinachothibitisha uzazi, kwani watu wawili wanaoitwa Kim hawajathibitisha lolote. Ukiona kwamba huko uliko mwanao ataishi kwa amani zaidi akiwa na jina lako au la baba yake, mpe. Wewe ndiye mzazi na hakuna mwenye haki ya kukuhukumu. Ninachopinga ni kuichukua dharura yako na kuifanya sheria ya walioko Ngozi, Rumonge na Ngagara, ambao hakuna ofisa anayewatilia shaka.

Hivyo namrudia ndugu karani, ambaye bado ameshika kalamu na foleni ni ndefu. Rejista unayo. Mwandike baba kwenye Se, mwandike mama kwenye Nyina, kwa herufi zinazosomeka, na umwandike kila mtoto ndani ya siku zake ili cheti kiwepo siku kitakapohitajika. Ule mstari wa Izina usiujaze mapema. Wasubiri wazazi walio mbele yako wakuambie wanasema nini.